Friji sio stoo jamani

Huu mwaka wa tisa niko ugenini na kuna kitu kimenikaa rohoni muda mrefu, acha nikiseme. Nyumbani siku hizi ukiwa na friji kubwa ndo umeendelea, chumvi ya mawe na chupa za mdomo mpana za kuhifadhia vitu tunaona ni mambo ya shida tunatupa. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimefika huku nikanunua friji na friza juu, nikajaza nyama, basi roho ikatulia.

Kiangazi cha mwaka juzi ikapiga dhoruba, umeme ukakatika siku nne. Siku ya tatu nafungua friza maji ya damu yananimwagikia miguuni, nikabeba mifuko mitatu kwenda kutupa huku machozi yananitoka. Jirani yangu, bibi mtu mzima kabisa, hakutupa kitu. Akanishusha stoo yake chini ya nyumba, chupa za glasi zimepangwa mpaka juu, kila moja ina mwezi na mwaka. Nikasimama pale namuona mama yangu, maana mama naye alikuwa na rafu ile ile, limau zimelala kwenye chumvi, samaki wakavu, maharage kwenye debe.

Toka hapo nimeanza kujaza stoo upya. Chumvi kwanza, isiyo na ile dawa ya kuzuia isigande, maana hiyo inafanya maji ya kwenye chupa yawe na ukungu. Siki nasoma karatasi yake, asidi isipungue asilimia 5. Na mizani ndogo, kwa sababu mboga za kuchachusha natia chumvi gramu 20 mpaka 25 kwa kila kilo. Mama alipima kwa kiganja na hakukosea, ila kiganja chake kilikuwa na miaka arobaini ya kazi, changu hakina. Vifuniko vya bati ndo usifanyie ubahili kabisa, kile cha bapa ni cha safari moja, ule mpira wake ukishabana mara moja hauna uhakika tena, chupa yenyewe na ile pete ya kukazia kifuniko utatumia miaka. Ukishachemsha chupa zilizojazwa na kufungwa, ukazitoa kwenye maji moto ukaziacha zipoe utasikia tak, tak, kifuniko kinabonyea katikati, mi nakaaga jikoni nahesabu.

Hapo kwenye kupima niseme ukweli huku wametuzidi. Maharage, nyama na samaki havina uchachu, kwa hiyo ukifunga kwenye chupa ukachemsha tu, nyuzi 100 haziui mbegu za kile kidudu cha botulizimu, inatakiwa mashine ya presha ya kusindikia ifike kama 121, na sumu yake mara nyingi huijui kwa harufu wala ladha, inaua. Msifanye kwa kukisia jamani. Lakini kukausha kwa jua na chumvi bila senti ya umeme, huko sisi ndo walimu, na ndo tunachokiacha kife na wazee wetu, inaniuma sana.

Jana nimempigia dada, kasema chupa za mama zimebaki sita ziko nyuma ya nyumba zimejaa mchanga. Nimemwambia azioshe, apitishe kidole kwenye mdomo wa kila chupa kuangalia kama hazijamegeka, na asigawe hata moja mpaka nije.