Mwandishi, hapo kwenye besi sikubaliani nawe

Asante kwa kuikumbuka bendi hii ya bluzi na roki katika uhakiki wako wa albamu yao, maana vijana wenyewe hawana meneja wa kuwapigia debe. Ila umeandika kwamba albamu inapwaya kwa kukosa gitaa la besi, na kwamba wameitoa wenyewe kwa sababu hakuna kampuni iliyowataka. Hapo umewaonea.

Hound Dog Taylor, mpiga gitaa wa bluzi wa Chicago, alipiga bila besi: magitaa mawili na ngoma, basi. Bruce Iglauer, mfanyakazi wa kampuni ya rekodi, aliposhindwa kumshawishi bosi wake amrekodi Taylor, alianzisha lebo yake mwenyewe (kampuni ya kutoa rekodi), Alligator, mwaka 1971 ili kuitoa albamu ya Taylor. Lebo bado ipo.

Rudia wimbo wa tatu, safari hii kwa hedifoni. Gitaa la pili linashuka kwenye nyuzi nene na kuziba pengo la besi, na solo inapoanza unasikia kabisa kile kichupa anachovaa mpigaji kidoleni ili kutelezesha kwenye nyuzi kikikwaruza waya. Fundi mitambo angeuondoa mkwaruzo huo, utamu wote ungekwenda na maji. Mimi kinachonikera ni ngoma! Matoazi yanammeza mwimbaji kila kiitikio, na hilo hukuligusa.

Kuhusu pesa, wakitoa wenyewe rekodi zinabaki mali yao, na hakuna kampuni ya kukata gharama za studio kwanza. Waandikiane tu mapema nani katunga nini, maana bendi nyingi huvunjikia hapo.