Ayutthaya wanaitembelea wenyewe. Tongoni tumeiachia nyasi

Kila jamaa anayefika Bangkok kwa biashara ya mawe ya vito, akishamaliza kuuza huniomba jambo moja: nimtembeze aone mji. Jibu langu ni lilelile siku zote. Nitamtafutia mwongoza watalii Mthai, nitaongozana nao, lakini mimi mwenyewe sitamwongoza. Wengine hudhani naringa. Ukweli ni kwamba sheria ya hapa inamkataza mgeni kuifanya kazi hiyo. Imo kwenye orodha ya kazi walizotengewa raia, pamoja na ukandaji wa Kithai, na anayeifanya lazima awe na leseni, ambayo huivaa shingoni ili kila mlinzi wa lango aione.

Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ingawa mimi ni mgeni ninayeripoti uhamiaji kila baada ya siku 90. Hata kwetu Tanzania, amri ya mwaka 2025 imeiweka kazi ya kuongoza watalii kati ya zile ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, na nilifurahi niliposikia. Ila kuwa raia hakumfanyi mtu ajue. Ninachowaonea wivu Wathai ni maarifa aliyonayo mwongozaji wao, na zaidi ya hapo, watu unaowakuta ndani ya maeneo yao ya kale. Wao magofu ya Ayutthaya, mji mkuu wao wa zamani, wanayatembelea wenyewe; sisi magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, tumeyaachia nyasi.

Mama tunayemtumia mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kazi hii. Huanza na Kasri Kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1782 mfalme Rama wa Kwanza alipouhamishia mji mkuu ukingo wa mashariki wa mto Chao Phraya. Humo ndani mna hekalu la Wat Phra Kaew na ile sanamu ya Budha inayoitwa ya zumaridi. Mimi mtu wa mawe, kwa hiyo swali langu la kwanza lilikuwa la jiwe, naye hakunificha: si zumaridi, ni jiwe jingine la kijani, na sanamu yenyewe ina urefu wa sentimita 66 tu. Kisha akaeleza kwamba mfalme huivisha vazi jipya mara tatu kwa mwaka, la msimu wa joto, la mvua na la baridi. Angeweza kuliacha jina lifanye kazi ya kutushangaza. Alitupa ukweli, na tukashangaa zaidi.

Najua kuna ndugu watakaouliza Muislamu anatafuta nini hekaluni. Naingia kuangalia kazi ya mikono ya watu, siingii kuabudu. Mama yule hutuonyesha pa kusimama ili tusiwazibie njia wanaosujudu, na hapo ndipo moyo wangu hukaa. Wenye mahali wamo. Mgeni hulipa baht 500 kuingia Kasri Kuu, Mthai huingia bure. Utamkuta bibi kizee amepiga magoti na ua la yungiyungi mkononi, ametulia, na makundi ya watalii kutoka pembe zote za dunia yanamzunguka yeye. Hakuna anayemwambia asogee apigwe mtu picha. Ukija na kaptula au mabega wazi, mlinzi anakurudisha langoni ukatafute cha kujisitiri, na hakuna anayeogopa kwamba mtalii atanuna na pesa zitapotea. Linganisha na Mji Mkongwe wa Unguja, ambako mabango ya kuwaomba wageni wavae kwa heshima yapo, lakini mtu anapita nusu uchi mbele ya msikiti wakati wa adhuhuri na sisi tunainamisha macho. Tumejifunza kumwogopa mgeni kwa sababu ya pochi yake. Wathai nao wanauhitaji utalii, na hawamwogopi.

Baada ya kasri huja hekalu la Wat Pho, penye Budha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi, lile ganda la chaza linalong'aa, michoro 108, na ukutani kumepangwa mabakuli 108 ya shaba ambamo watu hudondosha sarafu moja moja wakipita, kwa hiyo ukumbi mzima unalia kwa sauti ya vyuma. Lakini mimi hupenda zaidi vibao vya mawe vilivyoko kwenye kumbi za nje. Katika karne ya 19 mfalme Rama wa Tatu aliamuru elimu ya tiba, ukandaji, ushairi na mengineyo ichongwe humo ili yeyote anayejua kusoma aipate. UNESCO imeviingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Na ukandaji wenyewe bado unafundishwa hapohapo hekaluni, kwenye shule iliyoanza mwaka 1955. Mwanafunzi anatoka darasani anapita mbele ya michoro ileile ya mishipa ya mwili iliyochongwa kabla babu yake hajazaliwa.

Halafu unavuka mto kwa kivuko kwenda hekalu la Wat Arun. Wageni wengi hupiga picha kwa mbali wakaridhika. Mama huyu hutulazimisha tusogee hadi pua ziguse ukuta. Mnara wote umevikwa vipande vya kaure ya Kichina: sahani zilizovunjika, vibakuli, visahani vya maua ya samawati, vimepangwa upya vikawa petali na majani. Nyingi ya kaure hiyo ililetwa na majahazi ya Kichina kama farumi ya kutuliza chombo. Niliposimama pale nikaona kisahani kimoja kimetiwa kizima, duara lake halijavunjika, nikajua wapi nimekiona.

Nimekiona kwetu. Makaburi ya minara ya pwani yetu yalipambwa hivyohivyo. Nenda Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam, au Mambrui kaskazini ya Malindi, utaona nguzo za matumbawe zilizotiwa vibakuli vya kaure kutoka Uchina. Tongoni, kusini ya mji wetu wa Tanga kwenye barabara ya Pangani, kuna makaburi ya minara mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani, pamoja na gofu la msikiti wa kale. Minara mingi imeanguka, na pale palipokaa vibakuli yamebaki mashimo ya duara. Mafundi wa Bangkok na mafundi wa Tongoni, wakitengana kwa karne kadhaa na bahari nzima, walipokea chombo cha fundi wa Kichina wakakitia ukutani kuwa pambo. Kwa Wathai jambo hilo linaelezwa na mwongozaji mwenye leseni, mtoto wa shule amesimama kando anasikiliza. Mimi nimesoma Tanga tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na hakuna mwalimu aliyewahi kutupeleka Tongoni. Tulipelekwa mapango ya Amboni, tukala mihogo, tukarudi.

Hivyo nikisema tumeachia nyasi sisemi kwa kebehi. Inaniuma.

Ayutthaya ndiyo inayonikumbusha magofu yetu zaidi, maana nayo ni gofu. Iko kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Bangkok, unafika kwa treni. Ilikuwa makao makuu ya ufalme kuanzia 1350 hadi jeshi la Waburma lilipoichoma mwaka 1767, na baadaye matofali yake yalibebwa kwa mashua yakajengea Bangkok. Kwenye hekalu la Wat Mahathat kuna kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti. Mlinzi hukaa pale kutwa nzima. Kazi yake ni kumwambia kila anayetaka picha achuchumae, kichwa chake kisipite kichwa cha sanamu. Niliwahi kumwona akimsubirisha jamaa mmoja mrefu mwenye magoti mabovu mpaka akapata namna ya kukaa chini. Alimsaidia kwa kumshika mkono, lakini hakumwachia apige picha akiwa wima.

Wasidhani watu kwamba Wathai walizaliwa na uangalifu huo. Sanamu nyingi za Ayutthaya hazina vichwa, na wezi wa vitu vya kale wana sehemu yao katika hilo. Mwaka 1957 wezi walichimba chini ya mnara wa Wat Ratchaburana wakaondoka na dhahabu. Iliyosalia iliokolewa, na makumbusho ikajengwa hapohapo mjini kwa ajili yake. Jiwe la juu ya mlango wa hekalu la Phanom Rung liliibwa katika miaka ya 1960 likaonekana Marekani, kwenye makumbusho ya sanaa ya Chicago. Wananchi wa kawaida walipiga kelele hadi likarudishwa mwaka 1988, na leo liko mahali pake. Sisi mjusi wetu mkubwa wa kale (dinosaria), ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, bado amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, na suala lake tunalisikia bungeni mara mojamoja, kisha kimya.

Ziara hizi zina kasoro yake, na kwangu mimi si ndogo. Karibu zote husimulia Thailand ya mahekalu na wafalme tu. Ayutthaya ilikuwa bandari ya dunia. Mwanzoni mwa karne ya 17 aliingia pale Sheikh Ahmad, mfanyabiashara Mwajemi kutoka Qom, akapanda hadi kuwa mtu wa karibu wa mfalme, na anahesabiwa kuwa kiongozi wa kwanza wa Waislamu wa nchi hii. Ukoo wa Bunnag, uliotoa mawaziri wakubwa wa Siam (jina la zamani la Thailand), unatokana naye. Kaburi lake liko ndani ya uwanja wa chuo kikuu cha Rajabhat palepale Ayutthaya, na mabasi ya watalii yanapita bila kusimama. Sisi tuliokulia kwenye masimulizi ya Washirazi tungefika pale tukajiona si wageni sana. Bangkok nako, upande wa Thonburi, kuna msikiti wa Bang Luang uliojengwa kwa umbo la Kithai kabisa, na hatua chache kutoka hapo kanisa la Santa Cruz la wazawa wa Wareno. Siku moja ya kutembea mitaa ile inafundisha zaidi ya siku mbili za kukimbizwa kutoka hekalu hadi hekalu na bendera mbele.

Na kuna matapeli. Karibu na Kasri Kuu mtu nadhifu atakwambia leo pamefungwa, panda bajaji hii kwa baht chache ikupeleke kwingine. Mwisho wa safari ni duka la vito, ambako utauziwa yakuti kwa bei iliyozidishwa mara kadhaa, kwa ahadi kwamba ukifika kwenu utaiuza kwa faida. Mimi ninayeishi kwa mawe, niliyeona mawe yetu ya Umba na Mahenge yakikatwa Chanthaburi, mji wa vito wa hapa Thailand, na watu waaminifu, jambo hili linanikera kuliko kelele zote za mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii Forodhani, Unguja. Papasi anakusumbua kwa sababu hana kazi nyingine. Wale wanakuibia kwa mpango.

Kuna ambayo nyumbani tunawashinda. Ukienda Kilwa Kisiwani, mzee utakayemkuta bandarini atakuuliza umetoka kwa nani, na kabla hujaona msikiti mkuu umeshapewa dafu. Hapa mwongozaji ana saa yake na kundi jingine linamngoja. Lakini ukarimu haushikilii ukuta. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 mjini Unguja, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 na kuua watu, na tulikuwa tukilipita kila siku tukiliona linachoka.

Ninalotaka kwa Tanga yetu si kasri wala treni. Nataka Tongoni iwe na vijana wa Tongoni yenyewe waliofundishwa historia ya mahali pao, wenye kitambulisho shingoni, wanaoweza kumweleza mtoto wa shule kwa Kiswahili yale mashimo ya duara yalikuwa ya nini. Nataka kibao cha Kiswahili kitangulie cha Kiingereza. Nataka kila shule ya msingi ya mkoa ifike pale angalau mara moja kabla mtoto hajamaliza darasa la saba, hata kama ni kwa daladala ya kukodi. Nimeshawaandikia wazee wawili ninaowaamini kuhusu hili, na mmoja ni mwalimu mstaafu aliye tayari kufundisha. Wanaotoka Mtang'ata, eneo la Tongoni, na maeneo ya jirani wajitokeze. Gharama ya mafunzo ya vijana wawili wa kwanza nitaibeba mimi.