Majini hawashiki nyundo

Juzi jioni, kwenye daladala ya kutoka Buzuruga, hapa Mwanza, kijana aliyekaa mbele yangu alifungulia klipu kwa sauti ya kututosha wote. Picha za Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe ya kale kule Zimbabwe, muziki wa kutisha, halafu msimulizi anauliza: nani aliyejenga haya? Jibu lake: viumbe kutoka sayari nyingine. Mwenzake akaguna, "Sasa kaka, sisi hapo tungewezea wapi?"

Sisi! Na gari linapita Mabatini, nyumba zimepanda majabali kama mbuzi, kila moja imeshikiliwa na ukuta wa mawe uliopangwa na mtu mwenye jina na deni dukani.

Uongo huu ni wa zamani. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akachukua kipande cha mbao ya mlangoni, akaona kinafanana na mti wa penseli yake. Basi ni mwerezi wa Lebanoni, basi jumba ni la Malkia wa Sheba. Kwa penseli! Mwanaakiolojia David Randall-MacIver akachimba mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wote wakasema wajenzi ni Waafrika. Serikali ya walowezi haikupenda kusikia. (Kilwa nako waliwapa Waajemi sifa zote, hiyo siku nyingine, presha yangu hairuhusu.)

Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna mzee anayepanga mawe bila saruji. Nilimtazama asubuhi nzima siku moja. Analiinua jiwe, analigeuza, anagonga pembe kwa nyundo, analilaza, kisha analisukuma kwa kiganja. Likicheza hata kidogo, analitoa na kuanza upya. Mapengo anayakaba kwa vijiwe vidogo, na ukuta mzima anaulaza kidogo kuelekea mlimani. Masika yaliyopita ukuta wa jirani, wa saruji na rangi ya njano, ulishuka wote. Wa mzee upo. "Maji lazima uyaachie njia, mwanangu," aliniambia, kisha akaomba maji ya kunywa.

Sasa zunguka ziwa hilihili la Viktoria, vuka mpaka wa Sirari, nenda Migori, Kenya. Huko kuna Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ya karne ya 16 hivi, kuta zinazopita mita 4 mahali pengine, hakuna tope wala chokaa kati ya mawe. Jamii moja ikihama, nyingine ikaingia na kukarabati. UNESCO waliyaweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2018. Mimi kinachonivuta ni milango yake: mifupi na myembamba makusudi, anayeingia lazima ainame. Kuna mtu alikaa chini na kuifikiria shingo ya adui yake. Malaika hana haja ya hesabu hiyo.

Haya, nakubali kwa shingo upande: bila vitisho vile, yule kijana asingeitazama Great Zimbabwe hata dakika moja. Na ule ukuta wa boma lake kuu, mita 11 kwenda juu, hata mimi ungenifunga mdomo.

Nilitaka kumgusa bega nimwambie habari za mzee. Konda akaita kituo changu. Naposhuka, klipu ilikuwa imefika kwenye piramidi. Inaonekana Wamisri nao wakati ule walikuwa likizo.