Kupokea Barua Pepe kwa Seva Yako ni Rahisi, Kazi ni Kutuma

Wanaoonya kwamba mtu asithubutu kujiendeshea seva ya barua pepe huchanganya kazi mbili zisizolingana hata kidogo, yaani kupokea na kutuma. Kwa maoni yangu, kupokea kunamfaa yeyote aliyezoea mifumo ya kompyuta ya Linux au FreeBSD na mwenye kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, ilhali kutuma kunamtaka mtu aamue mapema ni kero kiasi gani yuko tayari kuivumilia.

Kwa upande wa programu hakuna la kuogofya. Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hupokea na kusafirisha barua, na Dovecot huzihifadhi ili mwenyewe azisome kwa simu au kompyuta kupitia IMAP, utaratibu wa kusomea barua zilizo kwenye seva. Faili ya main.cf, yenye mipangilio ya Postfix, ikiwa na mistari michache unayoielewa ni bora kuliko ndefu uliyoinakili bila kuisoma. Kagua hasa mpangilio wa mynetworks, unaotaja kompyuta zinazoruhusiwa kutuma kupitia seva bila nenosiri, maana ukiupanua ovyo watumaji wa barua taka hawatakawia kuigeuza seva yako kuwa uchochoro wao. Hofu ya seva kuzimika usiku nayo hutiwa chumvi: seva inayotuma ikikukosa huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, na Postfix isipobadilishwa huendelea kujaribu kwa siku 5.

Tabu huanzia kwenye kutuma. Watoa huduma wengi wa seva za kukodi huifunga poti 25, mlango ambao seva hutumiana barua, mpaka uombe ifunguliwe. Ikifunguliwa, rekodi ya PTR, inayoonyesha anwani yako ya IP (namba ya seva mtandaoni) ni ya jina gani, lazima iafikiane na jina la seva, SPF itaje ni nani aruhusiwaye kutuma kwa jina la kikoa chako, DKIM itie kila barua sahihi ya kidijitali, na DMARC ieleze barua isiyothibitika ifanyiwe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya, na wanaotuma kwa wingi hawana budi kuwa na SPF, DKIM na DMARC, zote tatu. Sioni ubaya wake, kwani ni kazi ya jioni moja na inazuia wengine kutumia jina lako.

Linaloudhi ni kwamba kuyatimiza yote hakukuhakikishii kitu. Ukifungua kumbukumbu za seva utakuta status=sent na msimbo 250, ukadhani barua imefika, kumbe msimbo huo unasema tu kwamba seva ya upande wa pili imeipokea, bila kueleza imeiweka kwenye kikasha au kwenye barua taka. Barua zangu zimewahi kuishia huko kwa sababu ya sifa mbaya ya anwani za IP zilizo jirani na yangu, ambazo sikuwa na uwezo wowote juu yake.

Ndiyo maana mimi hupokea mwenyewe, lakini barua zinazotoka huzipitisha kwa huduma ya kulipia, zikiwa tayari zimetiwa sahihi ya DKIM na seva yangu. Wapo wanaouita uamuzi huu usaliti. Ni kweli kwamba huduma hiyo huziona barua ninazotuma, lakini kikoa ni changu, hifadhi yote iko kwenye diski yangu, na siku ikinichosha nitabadilisha mstari wa relayhost, unaoiambia Postfix ipitishe barua kwa nani, nenosiri lake na rekodi ya SPF, bila mtu yeyote kulazimika kujua anwani mpya.