Makubadhi ya baba mwenye nyumba

Aisee, mimi nilikuwa najiitaga mwalimu wa mbwa. Mtaa mzima huku Kimara wanamjua Komando wangu, jemani shepadi wa kilo 36, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia lala analala, ukimwambia njoo anakuja hata kama yuko katikati ya msosi, na yote hayo nimemfundisha mwenyewe kwa vipande vya mapupu na mdomo wangu huu, sijamlipa mtu hata mia. Kwa hiyo dada yangu aliposema anasafiri wiki mbili anaomba kuniachia chiwawa wake nikacheka, nikamwambia dada, huyu utamkuta anapiga saluti.

Anaitwa Pipi. Nilimtia kwenye kikapu cha mama watoto nikaenda kumning'iniza kwenye mzani wa jamaa wa skrepa, kilo mbili na robo na kikapu humo humo, jamaa akaniuliza bosi huyu ni mbwa au umeanza kufuga popo. Masikio kweli ni ya popo. Kwao asili ni Mexico, kuna jimbo kabisa linaitwa Chihuahua ndo walikopewa jina, sasa sijui huko Mexico walikuwa wanalinda nini.

Sasa wiki ya kwanza. Komando alipokuwa mdogo nilikuwa mkali wa ratiba, akiamka nje, akila nje, akianza kunusanusa zulia nje, haikuchukua muda akaelewa choo kiko wapi. Pipi akikojoa kwenye zulia (na anakojoa kila saa, kibofu chenyewe si kikubwa kuliko embe dodo changa) tunafuta na tishu tunasema maskini, katoto haka. Komando akimrukia mgeni ni kesi ya kujibu, Pipi akimrukia mgeni anabebwa. Komando akinguruma watu wanatafuta geti, Pipi akinguruma wanatoa simu wanamrekodi.

Halafu ikaja hii ya viatu. Anaiba kiatu anajichimbia chini ya kochi, mkono haufiki, ufagio anaung'ata, basi nikagundua ukimwonyesha kipande cha soseji anaachia kiatu anatoka. Nikajiona mjanja kweli kweli. Siku ya nne akawa anaiba viatu sita kwa siku, anapita mbele yako navyo taratibu kabisa anakuangalia usoni, binti yangu wa miaka tisa akasema baba, si wewe ndo unamlipa? Nikamwambia nenda kafanye homuweki.

Baadaye nimekuja kusoma kwamba kuna watafiti wa kule Vienna waliwahoji wafugaji 1,276, matokeo yakatoka 2010, wakaona mbwa wa chini ya kilo 20 kweli ni watiifu kidogo kuliko wakubwa, ila wenye hao mbwa wadogo nao hawana msimamo, leo ruksa kesho marufuku, na mazoezi wanafanya nao kidogo. Yaani wamenielezea mimi na mama watoto bila kufika Kimara.

Haya, Jumamosi saa nne asubuhi baba mwenye nyumba huyo, kodi ya miezi sita ilikuwa imechelewa wiki tatu. Ni mzee wa Tanga, mstaarabu, kanzu imenyooka, mguuni makubadhi ya ngozi. Anamwogopa Komando kuliko anavyopenda hela, akasimama getini, “Shikamoo mzee,” “Marahaba, lile jibwa umelifunga?” Nikamwambia liko bandani mzee, karibu. Kuhusu Pipi hakuuliza na mimi sikusema, mkataba unaruhusu mbwa mmoja. Akavua makubadhi pale kwenye ngazi ya kibaraza, akakaa kwenye kiti, chai ikaja, nikaanza kumweleza habari za biashara kuwa ngumu.

Nikaona kubadhi moja linatembea.

Naapa, mbwa mwenyewe haonekani, unaona kiatu tu kinakata uwanja kuelekea kwenye mahindi ya jirani. Mzee akaweka kikombe chini. “Kile nini?” Mimi nimesharuka, “Pipi! Pipi lete!” Pipi akasimama, akageuka kuangalia mkononi kama kuna soseji. Nikamwita binti leta soseji, akajibu toka jikoni zimeisha jana baba. Pipi kuona hivyo akatimua, tukazunguka simtanki raundi tatu, kandambili imenikatikia mguuni, majirani wameshajaa ukutani, ndo kwa hasira nikapiga kelele ile ya mwalimu kabisa, “NJOO!”

Akaja Komando.

Mlango wa banda ulikuwa na kikomeo cha waya, aliubeba wote. Mbwa mtiifu yule, kaitwa anakuja, na njia ya kuja kwangu inapita mbele ya kibaraza. Niligeuka nikakuta kiti kitupu, chai imemwagika, na mzee wa miaka sabini na kitu yuko juu ya rundo la tofali zangu za kumalizia uzio, peku, kanzu kaikunja magotini. Mpaka leo sijui alipandaje, mimi mwenyewe lile rundo napanda na ngazi. Nikasema “Kaa!”, Komando akakaa pale pale, chini ya tofali kabisa, mkia unapiga vumbi, anasubiri pupu lake. Pipi yeye alishachoka na sisi, akalitema kubadhi kwenye tope la simtanki akaondoka.

Nikaliokota linadondosha mate. “Mzee nisamehe sana, nalipangusa sasa hivi.” Akasema kutoka juu, kwa sauti ya upole ambayo ndo mbaya zaidi, “Mwanangu, hilo halipanguswi. Mate ya mbwa hayo. Mara saba, ya kwanza na udongo.” Nikamwambia basi mzee nimfungie Komando ushuke uoshe mwenyewe kwa utaratibu wenu, akasema “Osha. Mimi nahesabu.”

Basi nikachuchumaa na ndoo, nikachota udongo, nikasugua mpaka kwenye mshono wa kidole gumba, mzee anahesabu toka juu, mbili, tatu, majirani nao wanaitikia, tano, sita. Namwagia ya saba nikasikia kitu kimegusa kisigino changu. Pipi. Kakaa kitako, wima, katulia, hajaambiwa na mtu, mara ya kwanza tangu aje kwangu. Mdomoni ana lile kubadhi la pili.

Mzee akakaa kimya kidogo huko juu.

“Udongo umebaki?”

“Umebaki mzee.”

“Haya. Moja.”