Gari lipelekwe skrepa kwa umri au kwa hali yake?

Hiace iliyoundwa mwaka 2005 na kushushwa bandarini 2017 inaingia stendi ya Moshi na namba mpya, lakini ina miaka 12 tayari. Tukiweka kikomo cha miaka 15, kama Delhi ilivyoyawekea magari ya petroli (ya dizeli ni 10), mwenye gari amebakiwa na miaka 3 tu. Mkopo haujaisha, gari linaitwa chakavu.

Wanaotetea kikomo wana hoja nzito. Mwaka wa kuundwa unajulikana, hauhitaji fundi, wala hauhongwi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, basi. Sisi Tanzania tunaliruhusu na kulitoza ushuru wa uchakavu: linaingia kwa bei kubwa zaidi, si kwa usalama zaidi.

Ila gari la mlimani haliuawi na kalenda. Chukua linaloshuka kutoka Marangu hadi Himo likiwa limejaa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Dereva akikanyaga breki mteremko mzima badala ya kushusha gia, mafuta yanachemka, mvuke unajaa kwenye paipu, pedali inazama na gari halishiki. Gari la miaka 6 hufa hivyo, na la miaka 20 linalobadilishiwa mafuta kila miaka 2 likashuka salama.

Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ni habari nyingine. Land Cruiser nyingi za utalii Arusha hukatwa chesisi na kurefushwa ziongezwe viti. Tope na vumbi la magadi la Ngorongoro vikikaa ndani, hasa kwenye maungio, kutu inakula chuma huku rangi ya nje ikimeta. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu, na bisibisi hupenya. Ikioza pale springi au stelingi boksi inapofungwa, kuchomea bamba juu yake ni kuficha ubovu. Gari hilo likatwe skrepa, hata liwe la miaka 9.

Kwa hiyo naegemea ukaguzi, mradi breki zipimwe kwa mashine na si kwa macho ya dakika tano na stika. Japani, zinakotoka Hiace na Noah zetu, hukagua gari dogo binafsi baada ya miaka 3, kisha kila 2, bila kulipangia umri wa kufa.

Sheria yoyote tutakayochagua, kukata gari kuna utaratibu wake. Betri inatolewa kwanza, ikianza waya wa hasi. Petroli, oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki vinamiminwa kila kimoja kwenye dumu lake. Gesi ya AC inanyonywa kwa mashine, haiachiwi hewani. Mwisho namba ya chesisi inakatwa na kuharibiwa, na gari linafutwa kwenye usajili wa TRA, mamlaka ya mapato. Namba hiyo ikibaki, kesho itachomewa kwenye gari la wizi.