"Utafiti huu utatusaidia nini?" Swali zuri linaloulizwa mahali pasipo pake

Mtafiti wa chuo kikuu cha Afrika Mashariki anayeomba fedha hukutana na sehemu ile ile karibu kwenye kila fomu: eleza kazi yako itamsaidia nani, lini, na manufaa yake yatapimwaje. Anayechunguza mbung'o ataandika malale. Anayechunguza popo ataandika magonjwa ya mlipuko. Lakini anayetaka kujua kwa nini samaki wa Ziwa Tanganyika wanaokula magamba ya samaki wengine wamepinda midomo, wengine kushoto na wengine kulia, hana la kuandika isipokuwa la kubuni. Swali hilo la samaki lilichunguzwa kweli, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1993 katika moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani. Aliyelichunguza ni Mjapani, Michio Hori.

Wanaotaka fedha chache tulizonazo ziende kwenye utafiti wenye faida inayoonekana hawakosi hoja, na wanaowabeza hawajawasikiliza vizuri. Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mengi ya kuwasaidia yanajulikana tayari: kuwapima wakiwa wachanga, kuwapa penisilini, kuwakinga na malaria, na kuwaanzishia dawa ya haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukatolewa mwishoni mwa 2018, uliwafuatilia watoto 606 wanaotumia dawa hiyo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ikashuka kwa takriban nusu ukilinganisha na kabla ya dawa. Hapo hakuna fumbo linalosubiri bingwa wa kulifumbua. Dawa ipo, na mtoto ambaye hajaifikia yupo. Mama aliyelala sakafuni wodini akimsubiri mwanawe aongezewe damu ana haki ya kuuliza kodi yake inatafuta nini kwenye midomo ya samaki.

Hoja ya pili ni ya uchumi. Maarifa ya sayansi ya msingi huchapishwa, na yakishachapishwa ni ya kila anayeweza kusoma. Kwa nini basi nchi maskini ilipie kitu ambacho Wajerumani na Wajapani watakilipia, kisha tukipokee bure? Sisi tuwekeze kwenye kukitumia.

Hoja ya tatu ni ya historia, na ndiyo inayonipa shida zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba mahitaji yanaweza kuivuta sayansi kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alionya kwamba mbolea ya naitrojeni ingekwisha na walaji wa ngano wangekabiliwa na njaa. Kufikia 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alikuwa ametengeneza amonia maabarani kutokana na hewa, na mwaka 1913 kiwanda cha kampuni ya kemikali ya BASF kule Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi. Kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, kilichowezesha kiwanda hicho hakikutoka kwenye nadharia. Alwin Mittasch wa BASF na wenzake walijaribu kitu kimoja baada ya kingine, maelfu ya majaribio, hadi jiwe la chuma kutoka Gällivare, Sweden, likafanya kazi vizuri kuliko chuma safi. Siri ilikuwa uchafu uliomo ndani ya jiwe lile. Maelezo kamili ya yanayotokea juu ya uso wa chuma hicho yalikuja miongo mingi baadaye, na yalichangia kumpa Gerhard Ertl tuzo ya Nobeli mwaka 2007. Karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kinachotegemea mbolea hiyo. Nadharia ilifuata nyuma, shibe ilitangulia.

Mtu akiishia hapo, kesi imekwisha. Mimi siwezi kuishia hapo, na kinachonizuia ni ile ile haidroksiyurea, karata kubwa ya wanaotaka utafiti wenye faida peke yake.

Dawa hiyo ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869 na wanakemia wawili nchini Ujerumani, waliokuwa wakichunguza familia ya kemikali zinazofanana na urea. Hawakuwa wakitafuta dawa ya damu. Wasingeweza kuitafuta: selimundu yenyewe iliandikwa kwa mara ya kwanza katika jarida la tiba mwaka 1910, kule Chicago, na James Herrick. Yaani dawa ilitangulia andiko hilo kwa miaka 41. Kisha ikakaa. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, akaona kwamba watoto wenye selimundu huwa hawana dalili miezi ya mwanzo, akahisi ile himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) waliyozaliwa nayo kutoka tumboni ndiyo inayowalinda. Miaka ya 1960 haidroksiyurea ikaanza kutumika kwa saratani. Baadaye ikaonekana kwamba huiamsha tena himoglobini ile ya tumboni. Mwaka 1998 Marekani ikaipitisha kwa selimundu. Kutoka chupa ya kwanza ya 1869 hadi majibu ya watoto wa Kilifi na Mbale ni karibu miaka 150.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu naona haijaingia vichwani mwa wanaotunga sera zetu. Jaribu kuijaza fomu ya 1869. Nani atanufaika? Mtoto wa Kilifi. Lini? Karne moja na nusu ijayo. Kwa kipimo gani? Kwa malaria iliyopungua, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba malaria inaenezwa na mbu. Hakuna mwanadamu ambaye angeandika majibu hayo, na mhakiki yeyote makini angekuwa sahihi kuwanyima fedha wanakemia wale kwa vigezo vya fomu. Kasoro iko kwenye kumtaka mtu aeleze asichoweza kukijua, kisha kumpima kwa ufasaha wa kukibuni.

Upande wa jeni wa hadithi hiyo ulianzia kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Oxford mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Alikusanya damu za makabila mbalimbali kwa udadisi wa kulinganisha makundi ya damu, akaongeza kipimo cha selimundu. Akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu wana nakala moja ya jeni ya selimundu (ugonjwa huja kwa aliyerithi mbili), ilhali nyanda za juu ni chini ya asilimia 1. Kwa nini jeni inayoua ijae hivyo mahali pamoja na ikosekane pengine? Akiitazama ramani akaona malaria. Aliporudi mwaka 1953 alifanya jaribio ambalo leo lisingepita katika kamati yoyote ya maadili: wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, nusu yao wakiwa na jeni hiyo na nusu hawana. Kati ya 15 wasio nayo, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nayo, 2 tu. Makala zake zilitoka mwaka 1954, na hadi leo ndizo mfano unaofundishwa duniani kote wa jinsi mazingira yanavyomchonga binadamu.

Damu ilikuwa yetu, mbu walikuwa wetu, swali lilikuwa la mgeni. Tangu wakati huo mpangilio huo umebadilika kidogo mno. Mnyororo mwingine wa hadithi ya selimundu unaishia kwenye tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inayohariri seli za mgonjwa ili himoglobini ya tumboni irudi. Mkasi wake, CRISPR, ulianza na Francisco Mojica wa Hispania, aliyekuwa akichunguza vijidudu vya kwenye mashamba ya chumvi ya Santa Pola miaka ya 1990 na kushangazwa na herufi za vinasaba zinazojirudia. Jeni inayolengwa, BCL11A, ilihusishwa na himoglobini hiyo miaka ya 2007 na 2008 kwa kulinganisha jeni za maelfu ya watu, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia. Bei ya tiba hiyo Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Wenzangu wa upande wa pili watasema: bei hiyo ndiyo ushahidi wetu. Udadisi uliwapa matajiri tiba ya matajiri. Ni kweli kwa leo. Lakini anayetazamiwa kuishusha bei hiyo ni nani, kama hatuna watu waliozoea kuzichezea seli hizo kwa maswali yao wenyewe?

Mfano mwingine uko mfukoni mwako. Mwaka 1807 Joseph Fourier aliwasilisha Paris andiko kuhusu namna joto linavyosafiri ndani ya vitu vigumu. Ili alieleze, alidai kwamba umbo lolote, hata lenye pembe, linaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi laini. Lagrange, mkubwa wa hesabu wa wakati ule, akakataa, na kitabu kamili kikatoka mwaka 1822. Sasa ingia ndani ya chumba chenye waifai. Mawimbi ya redio hugonga ukuta, kabati na dari, yakafika kwenye simu kwa nakala nyingi zilizochelewana, mithili ya mtu anayehutubia kwenye ukumbi mtupu maneno yakapandiana. Ufumbuzi ni kuigawa data katika mawimbi mengi ya polepole yanayokwenda pamoja, kisha kuyatenganisha upande wa pili kwa hesabu ile ile ya Fourier. Mmoja wa wahandisi wa shirika la utafiti la Australia, CSIRO, waliopata hataza ya njia hiyo mwaka 1996, ni John O'Sullivan, ambaye miaka ya 1970 alikuwa akisaka milio ya redio ya mashimo meusi madogo yanayolipuka. Milio hakuipata. Ujuzi wa kusafisha mawimbi alibaki nao, na hataza hiyo imeliingizia CSIRO zaidi ya dola milioni 430 za Australia.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: sisi watetezi wa udadisi huhesabu waliofanikiwa tu. Kwa kila Mojica kuna mamia waliochunguza vijidudu vingine na kazi zao zimelala makabatini. Nalikubali bila kigugumizi. Ila tuzitazame gharama. Kulinganisha damu wakati wa msafara wa wanafunzi, kusoma vijidudu vya chumvi katika chuo cha mkoani, kukaa na karatasi ukiwaza joto: hizi hazikuwa kazi za mabilioni. Kinachokula fedha ni majaribio makubwa ya dawa, viwanda na usambazaji, na huko ndiko ninakotaka fomu iulize kwa ukali nani, lini na kwa kipimo gani. Haber na Mittasch walikuwa na lengo linalopimika, hivyo walistahili kupimwa kwalo.

Ile hoja ya kupokea maarifa bure inavunjika kwenye maziwa. Mwaka 2002 watafiti walipata kwa familia za Kifini badiliko la vinasaba linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa. Kipimo kikapatikana. Mpime kwacho mfugaji wa Kimaasai anayeishi kwa maziwa, na aghalabu kitakwambia kwamba maziwa hayamfai. Ndipo mwaka 2007 timu ya mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff, ikitumia sampuli za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ikaonyesha kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe, yaliyozuka kivyake kando ya yale ya Ulaya. Maarifa ya bure yalikuwa yamechapishwa, yanasomeka, na yalikuwa yakitupa jibu lisilo letu. Zaidi ya robo tatu ya watu walioshiriki tafiti kubwa za jeni duniani wana asili ya Ulaya. Asiyekuwa na mtu wake wa kushuku matokeo hayo atayapokea yalivyo.

Fedha? Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi nyingi hazijalifikia. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya 2013 inautengea mfuko wa taifa wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kinachoufikia mfuko huo kiko mbali sana na kiwango hicho. Sitaki kuonekana namnyang'anya mtoto wa selimundu kidonge chake nimpe mtafiti wa samaki. Kidonge hakitoki kwenye bajeti ya utafiti, na kutokifikisha ni deni la wizara ya afya, wala kuwanyima fedha wadadisi hakutalilipa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha za utafiti iendelee kufuata mahitaji: mbegu, mbolea, malaria, maji. Lakini moja ya kumi itengwe kisheria, igawiwe kwa mafungu madogo, na fomu yake isiwe na sehemu ya manufaa kabisa. Mwombaji aulizwe swali lake ni lipi na kwa nini halijajibiwa, njia yake inaweza kulijibu au la, ni vijana wangapi wa hapa watajifunza kazi ndani yake, na damu, udongo au samaki atakaowakusanya watahifadhiwa katika friza ya nani.